Vijana wa kipaimara wapewe kazi inayohesabika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Marangu, na nimefundisha kipaimara, yaani mafundisho ya kuwathibitisha vijana katika imani, kwa miaka 11.

Mtoto huisoma Katekisimu Ndogo, kitabu cha Luther cha mafundisho ya imani, karibu miaka miwili. Siku ikifika anasimama mbele ya usharika, nyumbani anachinjiwa mbuzi. Jumapili inayofuata tunamtuma kupanga viti. Akiwa na miaka 17, ukimwuliza mzazi habari zake utajibiwa, "Tunamshukuru Mungu, hajaharibika." Yaani havuti bangi, au hajapata mimba. Zaidi ya hapo hatumdai kitu. Nami nimejibu hivyo hivyo mara nyingi kwa watoto wangu.

Februari mwaka huu mzee mwenzetu anayeandika mnada baada ya ibada alivunjika mguu. Wanaosali kwetu wanaujua mnada, yaani kuuza sadaka za vitu: mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo. Mtu ananunua, anasema "nitaleta Jumapili", deni linaishia kwenye kikaratasi. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, akingoja cha tano, aliomba aandike yeye. Nilimwambia, "Mwanangu, haya ni mambo ya watu wazima, kawasaidie akina mama kuosha vikombe." Mchungaji ndiye aliyesema tumjaribu.

Alinunua kaunta buku, akapiga mistari: jina, kitu, bei, kilicholipwa, baki. Akakusanya na vile vikaratasi vya nyuma. Kisha, baada ya mazoezi ya kwaya, akawa anapita nyumba kwa nyumba na mdogo wake. Kwangu alifika jioni moja, akaniamkia, akafungua daftari. Nilikuwa nadaiwa sh 6,000 za mayai tangu Krismasi. Hakunikaripia wala hakunitangaza kanisani. Nililipa papo hapo, na usiku ule sikulala vizuri nikikumbuka vile vikombe.

Katika Biblia, Mfalme Yosia alitawazwa akiwa na miaka 8, akaanza kumtafuta Mungu akiwa na 16. Kizito, mmoja wa mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani, alikuwa na miaka kama 14 alipochomwa moto Namugongo, Juni 3, 1886, pamoja na wenzake Wakatoliki na Waanglikana. Kila mwaka Watanzania wengi husafiri kwenda kuwaenzi. Wakirudi, kijana wa umri ule ule hawamwachii hata ufunguo wa stoo. "Mtu awaye yote asiudharau ujana wako": mstari huo wa Biblia tunawakaririsha vijana, lakini sijawahi kuusikia ukihubiriwa kwa wazee.

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, kidato cha tano huanza Julai. Ni miezi saba hivi kijana yuko nyumbani, ana nguvu na akili imechangamka. Naziomba sharika zetu zimpe kazi ambayo akiikosea hasara itaonekana, na akiiweza atoe taarifa mwenyewe mbele ya baraza la wazee, akiwa ameketi nao mezani.

Yule binti alikwenda shule Julai. Hatukumwandaa mwingine, mnada ukarudi kwenye vikaratasi, na daftari limefungiwa kabatini. Mwezi uliopita kijana mmoja wa jirani yangu amemaliza mtihani. Kikao kijacho cha baraza nitaomba akabidhiwe daftari lile, na safari hii nitalisema mimi kabla ya mchungaji.

Mzee wa Kanisa,
Marangu, Kilimanjaro