Risala ya Walimu wa Kitengo cha Elimu Maalumu kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba, Newala

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu;
Mheshimiwa Diwani;
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule;
Mwalimu Mkuu na walimu wenzetu;
Wazazi, walezi na wanafunzi wetu wapendwa,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi. Risala ya shule umekwisha kuisikia: madarasa, matundu ya vyoo, nyumba za walimu. Sisi wa kitengo tumeomba dakika chache tuseme jambo moja tu, nalo ni la watoto ambao shida yao iko kwenye kusema.

Ndugu Mgeni Rasmi, yuko mtoto wa miaka tisa anayesema "tutu" akimaanisha kuku, na "tolosho" akimaanisha korosho. Yuko mwenye kigugumizi. Yuko aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa, akashonwa vizuri, lakini sauti bado inapitia puani. Yuko mwenye usonji, ukimuuliza swali anakurudishia swali lilelile. Yuko mwenye mtindio wa ubongo, anaelewa kila kitu lakini misuli ya kinywa haimtii. Mitaani wote hawa wana jina moja: bubu. Nalo si jina lao.

Sisi ni walimu. Mmoja wetu amesomea elimu maalumu Patandi, Arusha, na kule alifundishwa mengi, lakini hakufundishwa kuwa mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha. Tunafanya tunachoweza. Yule wa "tolosho", kwa mfano. Sauti ya k hutoka nyuma ya kinywa. Yeye aliitengenezea mbele, penye t. Tukampa maji asukutue koo, tukamlaza chali mkekani ili ulimi urudi nyuma wenyewe, tukamshikisha kioo aone ncha ya ulimi imetulia. Wiki tatu sauti haikuja. Ilipokuja, ilikuja peke yake, "ka", bila neno. Kutoka hiyo "ka" hadi "korosho" tulitumia muhula mzima, dakika kumi kumi, wakati wenzake wako mapumziko. Mama yake alipoisikia mara ya kwanza alikaa chini pale pale mlangoni.

Hapa tunaomba walimu wenzetu watuelewe. Mtoto anayesema "lafiki" badala ya rafiki si lazima awe na tatizo. Kimakonde cha nyumbani kwao hakitenganishi l na r kama Kiswahili, naye amekuja shuleni na masikio ya kwao. Huyo anahitaji kufundishwa Kiswahili kwa upole, basi. Ndiyo maana akiletwa mtoto kwetu, tunamwita kwanza bibi yake na kumuuliza: na Kimakonde je, anakisema sawasawa na wenzake? Bibi akisema hapana, hapo tunajua tuna kazi.

Na mara nyingine kinywa hakina kosa lolote. Kosa liko sikioni. Tulimpokea binti ambaye alikotoka aliandikwa kuwa mzito wa kuelewa. Masikio yake yalikuwa yanatoa usaha tangu utotoni, na alikuwa akikalishwa dawati la nyuma. Alitibiwa hospitali, tukamsogeza mbele. Leo ni miongoni mwa wahitimu waliokaa mbele yako.

Kuhusu kigugumizi, wazazi wametueleza waliyojaribu: kumwagia mtoto maji ya baridi, kumstua, kumchapa. Hatuwalaumu, walitaka apone. Lakini kigugumizi hakitokani na woga wala ukaidi. Mara nyingi huonekana kwenye ukoo, na kwa wavulana zaidi ya wasichana. Ukimharakisha, kinazidi. Mwanafunzi wetu wa darasa la nne alikuwa akikwama kwenye neno moja kila asubuhi, neno "nipo", wakati wa kuita mahudhurio. Na mtoto huyohuyo akiimba haongezi wala hapunguzi silabi! Wazee waliomsikia akiimba alipotoka jandoni walitujia wakisema amepona. Hajapona, kwa wengi wenye kigugumizi, kuimba na kusoma kwa pamoja hulegeza ulimi kwa muda. Tukaanzia hapo. Sasa anasoma na mwenzake kwa sauti moja, na asubuhi ananyoosha mkono tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, Marekani walitunga sheria mwaka 1975 ya kumpa kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya umma bila malipo, na kwa sheria hiyo mtaalamu wa matamshi hufanya kazi ndani ya shule, mtoto akiandikiwa mpango wake na mzazi akishirikishwa. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na tuna Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinafundisha shahada ya fani hii. Kinachokosekana ni mtu huyo kufika Newala. Kwa upasuaji wa kaakaa mzazi atajikaza, atasafiri zaidi ya kilomita 500 hadi hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, mara moja. Kwa mazoezi ya kila wiki hawezi, hata akiuza korosho zote.

Kwa hiyo tunaomba nafasi moja iandikwe kwenye ikama ya Halmashauri: mtaalamu mmoja, azunguke shule zetu zote. Tunaomba pia watoto wapimwe masikio wakati wa kuandikishwa darasa la kwanza, na chumba chetu kiwekewe dari, maana mvua ikipiga mabati hatusikii k wala t.

Wazazi, nanyi tunawaomba. Msimu wa korosho umekaribia. Mkiwapeleka mashambani watoto hawa, sauti tuliyoitafuta muhula mzima inapotea kwa mwezi mmoja. Waacheni shuleni.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya risala hii utapokea zawadi yako ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na korosho. Atakayekukabidhi ni yule wa darasa la nne, ameomba mwenyewe. Atakwambia "karibu Newala", na huenda akachukua muda. Tafadhali mtazame usoni, usimmalizie neno.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Risala hii imeandaliwa na kusomwa na walimu wa Kitengo cha Elimu Maalumu.