Mbwa wa Washenzi

Tanga

Mpendwa rafiki yangu Saumu,

Salamu nyingi baada ya kukuarifu kwamba huku sote tu wazima. Barua yako imenichekesha sana pale uliposimulia jinsi mama mwenye nyumba wako huko Leeds, Uingereza, alivyokutambulisha kwa mbwa wake wa aina ya Basenji, nawe ukashindwa kuzuia kicheko mbele ya wageni wake. Umeniuliza kama masikio yako yalikudanganya. Hayakukudanganya hata kidogo.

Jina hilo limetoka Kongo, katika Kilingala, ambako mbwa hao waliitwa mbwa na basenji, maneno ambayo Mswahili hahitaji mkalimani kuyafahamu. Mmoja ni mosenji, wengi ni basenji, kama sisi tusemavyo mshenzi na washenzi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, hilo lilikuwa tusi walilobandikwa watu wa vijijini waliohesabiwa kuwa hawajastaarabika, ilhali hao ndio waliomfuga mbwa huyo na kuwinda naye msituni, wakimfunga kengele ya mti shingoni kwa kuwa habweki, na bila mlio wake wasingejua amepitia wapi.

Alipoonyeshwa Uingereza mwaka 1895, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, alitajwa tu kama mbwa wa porini wa Afrika au teria wa Kongo. Mwaka 1937 mfugaji wa mbwa, Bi Olivia Burn, aliwaonyesha wengine katika maonyesho hayohayo kwa jina la Basenji, na tangu hapo tusi limekuwa cheo, lenye vyeti vya nasaba na bei kubwa. Kinachonikera mimi, mwalimu wa sarufi, ni kwamba Kiingereza kimeongeza alama yake ya wingi mwishoni mwa neno ambalo tayari lina ba- ya wingi mwanzoni, hata huyo wa Leeds, peke yake, ni washenzi mmoja!

Kwetu neno hilo halijapanda cheo. Juzi nilimpeleka Simba kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, na karani, bila hata kuinua macho, akajaza penye aina ya mbwa: shenzi. Mkia wa Simba umejikunja juu ya mgongo vilevile kama ulivyoueleza wa mwenzake, ila huyu wetu hubweka usiku kucha.

Nisalimie mama mwenye nyumba.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi