Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Joto Bandani

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mhazini ameshazisoma nanyi mmezipitisha, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa yangu mwaka huu ni ya joto. Nazungumzia joto la jua, si lile la jike anayetaka dume, maana vikaoni neno hilo limeshatuchanganya.

Kuanzia Desemba hadi Machi wengi wetu hapa Kibaha tulilia kilio kimoja: nguruwe hawamalizi chakula, na wenye bucha wanalalamika kuwa nyama imezidi mafuta. Tukaamini chakula kimechakachuliwa, kamati ikakaa vikao vitatu kukijadili. Ajenda ile niliisukuma mimi, na leo naona tulimtafuta mchawi kwenye nyumba isiyo yake.

Nguruwe hana jasho la kumpoza kama letu. Mafuta ya chini ya ngozi yanazuia joto lisitoke, na mapafu yake ni madogo kwa mwili alio nao. Jike anayenyonyesha anastarehe kwenye nyuzi 18 hadi 22 hivi. Sisi mchana wa Februari tunamlaza kwenye zaidi ya 30, na unyevu wa Pwani juu yake. Kusaga chakula tumboni nako kunazalisha joto, ndiyo maana anaacha kula. Hilo tulilijua.

Tusilolijua ni hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, waliwaweka nguruwe wanaokua kwenye nyuzi 35, wengine wakawaweka kwenye 20 na kuwapa chakula kidogo kilekile walichokula wenzao wa joto. Ungedhani miili itafanana. Nguruwe mwenye njaa kwenye ubaridi huyeyusha mafuta yake ili apate nguvu. Aliyepigwa na joto anayang'ang'ania: insulini yake, homoni inayosimamia sukari mwilini, inapanda ingawa hali chakula cha kutosha, na insulini ndiyo inayoyafunga mafuta yasitoke. Misuli ndiyo inayoumia. Kilio cha bucha, ndugu zangu, kina maelezo hapo.

Na utumbo pia unaumia. Damu inakimbilia kwenye ngozi ikapoe, utumbo unabaki na damu haba, kuta zake zinalegea, sumu za bakteria zinapenya mwilini. Kinga ya mwili ikianza kupambana nazo inakula sukari ambayo ingejenga nyama.

Mwezi wa pili nilipoteza jike aliyekuwa na siku nne tangu azae. Nilimkuta saa nane mchana amelala ubavu, mdomo wazi, anahema kwa haraka nisiyoweza kuihesabu, watoto wakivuta chuchu zisizo na kitu. Nilifungua maji ya kunywea nimmwagie. Yalitoka ya moto, nikaondoa mkono. Bomba lilikuwa jeusi, limelala juani kutoka kwenye tangi mpaka bandani. Jike kama yule anahitaji lita 20 na zaidi kwa siku, nami nilikuwa nampa maji yasiyonyweka. Bomba lile nimelifukia sasa.

Wenye makuti juu ya bati walipona zaidi ya sisi wenye bati tupu. Nimepita mabandani na nimeona. Kumwagia maji kunasaidia pale tu upepo unapopita. Banda lililozibwa linageuka chungu cha mvuke. Chakula kitolewe alfajiri na baada ya jua kuzama. Tupunguze pumba miezi hiyo, maana nyuzinyuzi zinaongeza joto tumboni, na badala ya kurundika mashudu tutumie laisini ya dukani, kile kiungo cha protini kinachojenga nyama.

Dume aliyepata joto kali, mbegu zake zinahitaji wiki sita hivi kurudi sawa. Msiuze jike kwa sababu tu hakushika mimba mwezi wa tatu.

Na nguruwe anayehema na kuwa mwekundu msimwahishe sokoni kwa hofu ya homa ya nguruwe. Mpozeni, msimhamishe, mwiteni daktari wa mifugo apime.

Kamati inaomba fedha tulizotenga kupimia chakula zinunue vipimajoto vya mabandani, na zinazobaki tuchangie makuti na kufukia mabomba. Katibu ameanza kuandika majina. Tutaanza na wenye bati tupu na majike ya kuzaa Januari.