Risala ya Kikundi cha Wasomaji kwa Mgeni Rasmi: Kumbukumbu ya Barbara Gittings

Mgeni rasmi, mama yetu na mkutubi mstaafu,
Mwenyekiti wa kikundi,
Wanakikundi wenzetu,

Shikamoo mama.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu na kufika hapa Mbeya mjini katika mvua hizi za Februari. Kadi yako ya mwaliko ilikuwa na saa na mahali tu, na sababu unaijua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kujamiiana kinyume cha maumbile. Kusoma habari za marehemu Barbara Gittings, Mmarekani aliyetetea haki za mashoga na wasagaji, si kosa, lakini mtaani watu hawasubiri kusoma kifungu. Ndiyo maana hatukutundika bango, na risala hii tunaisomea sebuleni.

Kikundi chetu kina walimu, wauguzi, fundi cherehani na wanafunzi wa chuo. Tunaazimana vitabu na kuvijadili. Wapo miongoni mwetu wapenzi wa jinsia moja na wapo wasio hivyo, na hatuchunguzani.

Mgeni rasmi, Barbara Gittings alifariki tarehe 18 Februari 2007 huko Pennsylvania, Marekani, kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 74. Wanaharakati wa haki za mashoga na wasagaji ni wengi. Tumemchagua huyu kwa sababu mapambano yake yalianzia maktaba, na kwa maoni yetu ndiko yalikozaa matunda makubwa.

Alizaliwa Vienna mwaka 1932, baba yake akiwa mwanadiplomasia. Mwaka 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha Northwestern kusomea maigizo. Minong'ono ikazagaa kwamba anapenda wanawake. Akaenda kwa daktari wa akili, naye akamwambia kweli ndivyo ulivyo, na akajitolea kumtibu. Hela ya matibabu hakuwa nayo. Akaingia maktaba kujitafuta, na alichokuta ni vitabu vya tiba vilivyoeleza ugonjwa na upotovu. Mtu aliyeelezwa humo hakufanana naye hata kidogo. Alizama katika kusaka huko mpaka masomo yenyewe yakamshinda, akarudi nyumbani mikono mitupu. Huko baba yake akakuta chumbani kwake riwaya ya wanawake wapendanao, akamwandikia barua kwamba aichome moto. Walikuwa wanaishi nyumba moja, mama, lakini mzee alishindwa kulitamka uso kwa uso. Hapa kikundini wapo waliosikiliza habari hiyo wakainamisha vichwa, maana barua za namna hiyo wanazifahamu, siku hizi zinakuja kwa simu.

Akiwa na miaka 18 alihamia Philadelphia. Mwaka 1955 Del Martin na Phyllis Lyon walishiriki kuanzisha San Francisco chama cha wanawake wanaopenda wanawake, Daughters of Bilitis, na mwaka 1958 Barbara akaanzisha tawi la New York. Kuanzia 1963 hadi 1966 alihariri jarida la chama hicho. Majalada ya awali yalikuwa ya michoro. Yeye na mwenzi wake, mpiga picha Kay Lahusen, wakataka sura za watu halisi. Mwanzoni waliojitokeza walivaa miwani ya jua au walitazama pembeni. Januari 1966 Lilli Vincenz aliitazama kamera bila kujificha, tena akitabasamu.

Mwaka 1965 Barbara na mwanaharakati mwenzake Frank Kameny walikuwa miongoni mwa walioandamana mbele ya Ikulu ya Marekani, na kila tarehe 4 Julai hadi 1969 waliandamana Philadelphia. Wanaume walitakiwa kuvaa suti na tai, wanawake magauni. Jambo hili lilitugombanisha. Vijana walisema ni kujipendekeza kwa watu wasiokupenda. Mwalimu mmoja akajibu kwamba hata wewe ukiitwa kwa mkuu wa wilaya hutakwenda na kandambili. Mjadala haukuisha, na leo hatutaufufua.

Jambo tunalopenda kulisimulia zaidi ni la Dallas, mwaka 1972. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilikuwa bado kinahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa. Barbara na Kameny waliandaliwa meza ya mjadala katika mkutano wa chama hicho, na Kay ndiye aliyesema kwamba pale anakosekana daktari ambaye ni shoga. Barbara akawatafuta mmoja mmoja. Wote walikataa kwa kuhofia kazi zao, isipokuwa Dk. John Fryer, naye akaweka sharti la kufichwa. Akapanda jukwaani na barakoa, wigi na suti inayompwaya, sauti yake ikipotoshwa na kipaza sauti. Barbara akasoma barua za madaktari wengine ambao hawakuthubutu kuja. Desemba 1973 chama hicho kikaliondoa jambo hilo katika orodha ya magonjwa. Shirika la Afya Duniani lilifuata mwaka 1990.

Na maktaba je? Hakuwa mkutubi, lakini kuanzia 1971 aliongoza kwa takribani miaka 15 kikosi kazi cha mashoga ndani ya Chama cha Maktaba cha Marekani. Walitengeneza orodha za vitabu vinavyowaeleza watu hao kama watu, wakazisambaza. Mwaka 1971 waliweka kibanda cha kukumbatiana bure kwenye mkutano wa wakutubi. Watu walijazana kutazama, hakuna aliyeingia, basi wenyewe wakakumbatiana na kubusiana mbele ya kamera. (Tungefanya hivyo hapa, risala hii ingesomewa polisi.) Mwaka 2003 chama hicho kilimpa uanachama wa heshima.

Mgeni rasmi, wauguzi wetu wanayaona haya kwa upande mwingine. Utafiti wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Anayeogopa kueleza maisha yake hafiki kupima, na akifika hudanganya. Huyo naye anatafuta pa kusoma habari zake bila kuulizwa.

Daftari letu la kuazimia halina majina. Kila mtu ana namba, na namba hizo anazijua mtunza vitabu peke yake. Lakini vitabu vimeongezeka, vimerundikana kwenye masanduku, na mwenye kutafuta hapati.

Risala nyingi huomba mabati na saruji. Sisi tunaomba, kwanza, utufundishe kupanga na kuorodhesha vitabu kwa utaratibu wa kimaktaba. Pili, wewe bado unaalikwa kuzungumza na wakutubi vijana: tunaomba uwaambie kwamba msomaji akiulizia kitabu apewe, asiulizwe anakitakia nini. Tatu ni kabati lako la vioo, ambalo umesema limekaa bure stoo. Usafiri wa kulileta tumeshaupata.

Chai iko tayari, na viazi vya Uporoto vimeiva.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanakikundi, Mbeya