Mashine ya maji ofisini haijisafishi yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa ofisi, maofisa utumishi, wahudumu na kila anayekinga maji kwenye mashine ya maji kazini kwake. Mimi ni fundi wa majokofu. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni hizi mashine zenye dumu juu na koki mbili au tatu mbele, na kila ninapofungua moja nakutana na jambo ambalo wanywaji wake hawalioni.

Huwa naitwa kwa mambo mawili: maji hayapoi, au sakafu imelowa. Kuitwa kwa sababu mashine ina miezi haijasafishwa ni nadra sana. Nikimaliza nililoitiwa huinua dumu, nachomoa kile kipande cha plastiki kinachopokea shingo yake, kisha napitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa tangi la maji baridi. Mara nyingi kidole kinateleza. Ni ute mwembamba, hauna harufu, na maji yaliyosimama juu yake ni maangavu kabisa. Ukiufuta kwa kitambaa cheupe unaacha doa la kijivu, pengine la waridi. Humo ndimo bakteria wanamoishi, wameshikana na ukuta, na kila kikombe kinachokingwa kinapita hapo.

Nikiwaonyesha, jibu ninalolipata karibu kila ofisi ni lile lile: "Fundi, lakini maji tunanunua safi, yamefungwa." Sina ubishi kuhusu dumu. Ila tazameni linavyofanya kazi. Mtu akikinga maji, mnasikia blup, blup, mapovu yanapanda ndani ya dumu. Ile ni hewa inayoingia kujaza nafasi ya maji yaliyotoka, na ni hewa hiyo hiyo ya chumba chenu, pamoja na vumbi lake. Halafu maji ya dumu kwa kawaida hayana klorini iliyobaki ndani yake. Viwanda vingi huua vijidudu vya maji hayo kwa ozoni, gesi ya kuulia vijidudu, na ozoni hupotea haraka baada ya kazi yake. Kwa hiyo kijidudu kitakachoingia baada ya dumu kufunguliwa hakikuti kitu cha kukiua. Baridi ya tangi inakipunguzia kasi ya kuzaliana, basi.

Mlango mwingine wa uchafu ni shingo ya dumu. Dumu limekaa stoo, limebebwa garini, limeviringishwa sakafuni, limeshikwa na mikono mingi. Likifika juu ya mashine, shingo inazama moja kwa moja ndani ya maji mtakayokunywa. Mhudumu aoshe mikono kwanza, afute shingo na kifuniko kwa kitambaa safi chenye spiriti, aache ikauke, ndipo abandue lakiri. Ni kazi ya dakika moja. Na kwa kuwa dumu la lita 18.9 likijaa linakaribia kilo 20, naomba ofisi ziache kumwachia mtu mmoja alinyanyue hadi usawa wa kifua, tena mara nyingi ni mama wa makamo ambaye hana wa kumsaidia. Wainue wawili. Au nunueni mashine inayoweka dumu chini, yenye pampu ya kuvuta maji, ilimradi mkumbuke kwamba mpira wa kuvutia nao unaota ute kama tangi.

Lipo pia jambo linaloniumiza zaidi kwa sababu halihitaji fundi wala fedha. Mtu anakuja na chupa yake aliyoinywea tangu asubuhi, anaisukuma mpaka mdomo wa chupa ukumbatie koki. Mate yake yamebaki pale, na anayefuata anakinga. Mwenye mafua anafanya hivyo, mwenye tumbo la kuhara anafanya hivyo, na hakuna anayejua. Acheni nafasi ya vidole viwili kati ya chupa na koki, na koki zifutwe kila siku, hasa ule mdomo wake wa chini ambao hauonekani mpaka uiname.

Ukiinama utaona na trei ya kupokea matone. Hii haina tundu la kutolea maji katika mashine nyingi, kwa hiyo maji yanakaa humo mpaka mtu ayamwage. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hupenda kutaga katika vyombo vidogo vya maji yaliyotulia, ndani ya nyumba na nje, na pakiwa na joto yai huwa mbu kamili kwa kama wiki moja hadi siku kumi. Nimeinua trei nikakuta viluwiluwi wanachezacheza chini ya kile kichujio cha plastiki, katika ofisi ambayo madirisha yake yote yana wavu. Trei imwagwe kila jioni, na isuguliwe kwa brashi angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukutani hata maji yakimwagwa.

Sasa usafi wenyewe. Tangi lisafishwe kila baada ya miezi mitatu, na mapema zaidi penye watu wengi. Chomoa waya ukutani, toa dumu, acha maji ya moto yapoe kabisa, maana tangi la moto hukaa na maji ya nyuzijoto 85 hadi 95 na hayo yanaunguza ngozi mara moja. Fungua kizibo cha nyuma, maji yote yatoke. Tangi la baridi lisuguliwe kwa sabuni laini na sponji, si steelwaya, kwa sababu mikwaruzo ndiyo uchafu unapojificha. Baada ya kusuuza, changanya kijiko kikubwa kimoja, yaani mililita 15, cha dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 na isiyo na manukato, katika lita 5 za maji. Mimina katika tangi la baridi, fungua koki yake kidogo ili dawa ifike mpaka mdomoni, subiri dakika tano hivi, kisha mwaga na usuuze, usuuze tena, mpaka harufu iishe. Kijitabu cha mashine kikitoa kipimo tofauti, fuata hicho.

Tangi la moto lina shida yake. Penye maji ya chumvichumvi hujenga ukoko mweupe kwenye hita, maji yanachelewa kuchemka na umeme unaliwa bure. Ukoko huo huondoka kwa asidi ya limau ya unga iliyoyeyushwa katika maji, au siki. Lakini nasisitiza, na naomba uandike kwa herufi zinazosomeka, Mhariri: klorini na siki au asidi ya limau visikutane kamwe. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na katika kijichumba cha jikoni cha ofisi gesi hiyo inaweza kumdhuru mtu vibaya sana. Fanya moja, suuza kabisa, la pili lifanye siku nyingine.

Kuhusu kufunga mashine mpya nitasema kwa ufupi, kwani mengi yamo katika kijitabu ambacho huwa nakikuta bado kimefungwa kwenye nailoni yake. Isimame sakafu iliyo sawa, mbali na jua la dirishani. Jua likipiga dumu, ukijani wa mwani huota ndani kwa siku chache. Nyuma yake pabaki nafasi ya kama sentimita 15 ili wavu wa mabomba unaotoa joto nje upumue, na wavu huo upigwe brashi vumbi linapojaa. Nusu ya malalamiko ya "maji hayapoi" huisha nikisogeza mashine kutoka ukutani na kufuta vumbi. Iwe na soketi yake yenye waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, si ekstensheni inayolala sakafuni pale pale maji yanapodondoka. Kama ilisafirishwa imelazwa, isimamishwe wima mpaka kesho yake kabla ya kuwashwa, ili oili iliyokimbilia kwenye mabomba irudi katika kompresa, yaani mota inayosukuma gesi ya kupoza.

Na swichi ya maji ya moto, ile nyekundu ya nyuma, isiguswe mpaka mtu afungue koki ya moto na maji yatiririke. Hapo ndipo unajua tangi limejaa. Hita ikiwashwa tangi likiwa tupu, ama kinga yake hukata umeme na mashine haichemshi tena mpaka ibonyezwe upya, ama hita inaungua. Ndiyo sababu pia mashine isiachwe na dumu tupu wikiendi nzima huku swichi imewashwa.

Kabla hamjanunua, angalieni kama ina kompresa. Zipo nyepesi zinazopoza kwa kibamba cha umeme na kifeni kidogo. Zinawafaa watu watatu wanne. Ukiiweka mahali pa watu hamsini itavuma mchana kutwa na maji yatabaki vuguvugu, na fundi ataitwa bure.

Nirudi kwenye sakafu iliyolowa, kwa sababu hapa ofisi nyingi hutupa mashine nzima. Maji ya dumu lililopinduliwa hayamwagiki kwa kuwa hewa haina njia ya kuingia ila shingoni, na shingo imezibwa na maji ya tangi. Tangi likishuka, shingo inafunuka kidogo, hewa inaingia, maji yanajazia, shingo inazibwa tena. Dumu likiwa na ufa, hata wa unene wa unywele, hewa inapita hapo juu na hakuna kinachoyashikilia maji. Yanashuka polepole usiku kucha, tangi linafurika, asubuhi zulia linaelea. Jaribio ni rahisi: weka dumu jingine, subiri saa chache. Sakafu ikikauka, mashine ni nzima, dumu ndilo bovu, nalo lirudishwe kwa muuzaji likiwa limewekwa alama, lisije likazungushwa kwa ofisi nyingine.

Ofisi zilizounganisha mashine na bomba la maji zimeepuka kubeba dumu, lakini chujio linahitaji kubadilishwa kwa wakati, mengi kila miezi sita. Chujio la mkaa huondoa klorini ya bomba, ladha inakuwa nzuri, na kuanzia hapo maji hayana kinga. Chujio lililopitiliza muda wake linageuka kiota cha vijidudu. Tarehe ya kubadilisha iandikwe kwa kalamu ya wino mzito juu ya chujio lenyewe.

Ninachokiomba kwa wakuu wa ofisi ni kitu kimoja. Kazi hii iwe na mwenyewe. Nikiuliza nani anasafisha mashine, msafishaji wa ofisi anasema ni kazi ya muuza maji, muuza maji anasema yeye analeta dumu tu, ofisa utumishi anasema atauliza. Iandikeni katika majukumu ya mtu anayejulikana, apewe saa ya kuifanya, glavu, brashi na dawa, au iingizwe katika mkataba na anayewaletea maji, pamoja na tarehe. Kisha bandikeni kadi ubavuni mwa mashine: ilisafishwa lini, na nani, itasafishwa tena lini. Mfanyakazi yeyote akiona tarehe imepita awe na haki ya kuuliza bila kuonekana mkorofi.

Na mashine iliyokaa likizo ndefu bila kutumika isirudishwe kazini kwa kubadilishiwa dumu tu. Maji ya zamani yamwagwe yote na tangi lioshwe kabla mtu wa kwanza hajakinga.

Fundi wa majokofu, msomaji wako