Malalamiko: mlimtenganisha kasuku wangu na karatasi zake, akalala kituo cha polisi

Kwa Meneja,

Naandika nikiwa Kisumu, vitu bado viko kwenye maboksi sebuleni na kasuku wangu Kito amejibana kwenye kona ya tundu, amenipa mgongo. Pole za WhatsApp sitaki tena, supavaiza wenu ameshanitumia tatu. Nataka jibu la barua.

Siku nakuja kulipia lori la kunihamisha pale ofisini kwenu Nairobi niliwaambia wazi kwamba kuna ndege, na si kuku. Nikamwonyesha dada wa mapokezi kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, cha kumfuga na kile cha kumsafirisha mpaka Kisumu, akavitoa kopi, akasema sawa mnyama ni 4,500 juu ya zile 38,000 na tundu litakaa mbele na dereva, dirisha wazi kidogo. Nikalipa, risiti ninayo. Faili lenye karatasi orijino nilifunga kwa kamba kwenye tundu na mkono wangu, nikamwambia tanboi, yule utingo wa lori, ndugu yangu, hili faili na huyu ndege ni kitu kimoja, msivitenganishe hata kwa dakika moja.

Kwa nini nilisisitiza hivyo? Kito ni kasuku wa kijivu, wale wa mkia mwekundu. Marehemu baba alimnunua 2014 kwa mfugaji wa Afrika Kusini, ameanguliwa huko huko, hakunaswa msituni, na mguuni ana ile pete isiyofunguka ambayo kifaranga huvishwa akiwa bado mdogo sana maana mguu ukishanenepa haipiti tena. Namba ya hiyo pete iko kwenye karatasi ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, aliyoingia nayo nchini na iko kwenye kibali cha KWS. Tangu 2017 kasuku hawa wako kiambatisho cha kwanza cha CITES, yaani orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, pamoja na ndovu wetu, kwa sababu wamewindwa misituni huko Kongo na kwingineko mpaka sehemu nyingine hawaonekani tena, na sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 haicheki na mtu aliyepatikana na mnyama bila kibali. Mimi sheria hiyo naiunga mkono kabisa. Ndiyo maana nimehangaikia hizo karatasi miaka yote, na baba kabla yangu.

Sasa watu wenu walifanya nini. Faili lilikuwa linapigapiga na upepo, tanboi akaona ni kelele, akalikata kamba akalitupa nyuma ndani ya boksi la sufuria. Saa tatu usiku karibu na Kericho polisi wakawasimamisha, wakauliza ndege ana karatasi? Na tanboi wenu akajibu, dereva mwenyewe ndiye aliniambia, "huyo mteja ndiye anajua alimtoa wapi." Hilo neno limeniuma kuliko pesa. Mlikuwa na kopi ofisini, hakuna aliyepokea simu. Mimi nikatuma picha kwa simu, polisi wakasema wanataka orijino, na hapo siwalaumu, walikuwa wanafanya kazi yao. Lakini dereva akakataa kufungua lori atafute, akaacha ndege kituoni akaendelea na safari, na faili liko nyuma yake!

Lori lilifika saa sita usiku. Nilipekua maboksi kwa tochi ya simu mpaka nikalipata chini ya sufuria ya mboga, limelowa mafuta pembeni, nikapanda matatu ya alfajiri kurudi Kericho. Afisa wa KWS alikuja, akamfunika Kito na taulo, akamgeuza mguu polepole, akasoma namba ya pete moja moja huku mimi nikifuata kwenye karatasi na kidole. Zikalingana zote. Akaniruhusu niondoke naye. Sakafuni chini ya tundu nilihesabu manyoya saba mekundu, ameyang'oa mwenyewe, na kifuani ameacha ngozi tupu kama sarafu ya shilingi ishirini. Daktari wa wanyama anasema ni mshtuko na yanaweza kuchukua miezi kurudi, akiacha kujing'oa.

Kito alikuwa kila asubuhi anakohoa kama baba, kile kikohozi cha mzee akiamka, halafu anasema "chai iko?" Ndiyo sauti ya baba iliyobaki nyumbani kwetu. Tangu Jumapili hajatoa sauti yoyote.

Nataka mnirudishie 4,500 yote, mlipe daktari na nauli yangu ya Kericho, na mniandikie barua yenye muhuri inayosema mlionyeshwa vibali kabla ya safari na watu wenu ndio walioondoa faili, niiweke pamoja na karatasi zake maana jina langu sasa limeandikwa kituoni. Na huyo tanboi msimfukuze, mfundisheni. Risiti, picha na bili ya daktari nimeambatanisha. Nawapa siku 14.

Mteja wenu,
Kisumu