Usiwanunie kwa picha ya pili

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Rehema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na hasira zako nimezisikia hadi kwenye kikohozi. Umeshafunga mizigo, umeshaaga watu, halafu daktari anasogeza tarehe ya kukutoa ule uvimbe wa tezi ya pituitari na kukurudisha ukapige picha nyingine, safari hii ya mishipa ya damu. Ningekuwa wewe ningenuna pia. Ila mimi ndiye ninayesimama pale chumba cha upasuaji nakabidhi vifaa, kwa hiyo nisikilize.

Hiyo tezi ya pituitari ni kama punje ya njegere, imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua. Ndiyo maana watapitia puani. Kushoto na kulia kwake imepita mishipa ya karotidi, ile ile unayoipapasa shingoni ukihesabu mapigo, na ikifika pale juu hujikunja kama herufi S. Kwa wengi nafasi kati ya mmoja na mwenzake ni kama sentimita 2, na daktari anafanya kazi humo humo. Lakini hatukuumbwa sawa. Wapo ambao mishipa imesogeleana, na wachache sana imekaribia kugusana. Na nyinyi wenye akromegali, mliozidiwa na homoni ya ukuaji (ile pete yako ya ndoa iliyobidi sonara aikate, habari yake ndiyo hiyo), mishipa yenu huwa na tabia ya kujipinda zaidi na kuvutika katikati. Tena mfupa unaoifunika huweza kuwa mwembamba kama ganda la yai. Wengine sehemu hiyo hawana mfupa kabisa, ni utando tu.

Kuna na kiambaza cha mfupa njiani. Ukikiangalia utadhani kimesimama katikati, kumbe mara nyingi kimeenda upande, mwisho wake umeshika juu ya karotidi. Daktari akikisokota ili kukivunja, anaweza kuuchana mshipa. Picha ya CT, ile inayoonyesha mifupa vizuri, ndiyo inayomwonya akikate taratibu.

Halafu kabla ya kupasua ule utando wa mwisho, ataniomba kijiti cha dopla, kile kinachosikiliza damu ikipita mshipani. Anagusisha kushoto, spika inalia fwuu, fwuu, fwuu. Kulia, vilevile. Chumba kizima kimya, hata yule wa usingizi anayetuchekesha siku zote. Pasipolia ndipo anapokata.

Sitakuficha: mshipa ukitoboka, damu inafunika kamera yote. Kwa waliozoea kazi hii hutokea kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Mimi nimeona mara moja. Walichukua kipande cha nyama ya paja lake, wakakiponda, wakakikandamiza palepale hadi damu ikakata, kisha akakimbizwa kupigwa picha ya mishipa. Anatembea hadi leo. Kwa hiyo ukiamka ukakuta paja limepakwa dawa ya kahawia, usipige kelele, ni maandalizi tu.

Na wakikuambia watabakiza uvimbe kidogo uliouzingira mshipa, usiseme wamefanya kazi nusu. Kilichobaki kina sindano zake, na mionzi ikibidi.

Muulize daktari akuonyeshe kwa kidole mishipa yako ilipo. Kisha nitumie ripoti, nisome mwenyewe. Ijumaa nitakuja na basi la asubuhi. Usipike, nitakuja na samaki.

Shoga yako,
Mama Tatu